Ukingo wa Udongo na Usalama wa Vijiji Vyetu

(Maneno yaliyosomwa na karani wa chama mbele ya mkutano wa mwaka, na kupigwa chapa humu kwa agizo la kamati)



Twaanza kwa kuomba radhi. Kamati imetutaka tuseme juu ya bwawa letu la udongo, jinsi linavyotukinga na mafuriko na jinsi itupasavyo sisi kulikinga. Sisi si mafundi wa maji. Kazi yetu ni kalamu na risiti, na kuandika barua ambazo aghalabu hazijibiwi. Lakini yako mambo ambayo mtu asiye fundi hujifunza kwa sababu yamempata, na hili ni mojawapo. Twasema kwa Kiswahili kwa kuwa ndani ya chama hiki wamo Wajaluo, Waabasuba, Wakuria na Wagusii, na maji yalipokuja usiku ule hayakumwuliza mtu lugha ya mamaye.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Upo ukingo unaokwenda sambamba na mto, kama zile kingo ndefu za mto Nzoia huko Budalangi. Kazi yake ni kuuzuia mto usiache njia yake. Na upo ukingo unaokatiza bonde kutoka kilima hata kilima, ukayasimamisha maji nyuma yake yakawa bwawa. Wetu ni wa namna ya pili. Hata hivyo tabia zao ni moja, maana zote mbili ni udongo, na adui wa udongo ni yale yale maji tuliyouweka uyazuie.

Nchi yetu hii, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja ya Nyanza ya Kusini na tangu mwaka wa 2013 ina kaunti mbili za Homa Bay na Migori, imeinamia ziwa. Mto Kuja, ambao wenzetu Wagusii huuita Gucha, huzaliwa katika vilima vya Kisii na Nyamira, ukashuka, ukapokea mto Migori huko Nyatike, ukaingia ziwani. Upande wa Homa Bay, mito ya Awach Kibuon na Awach Tende hushuka kutoka katika nyanda za juu hadi tambarare za Karachuonyo. Ndiyo sababu mtu wa Kadem aweza kulala chini ya nyota, mbingu haina hata wingu moja, akaamka na maji yamefika miguu ya kitanda. Mvua haikunyesha kwake. Ilinyesha Kisii jana jioni.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka mvua ya mwaka wa 1961, ile iliyoitwa mvua ya Uhuru. Ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili kufikia mwaka wa 1964, na mashamba ya kandokando yaliyokuwa ya mtama yakawa ya kambare. Sisi tuliozaliwa baadaye tulidhani ni masimulizi ya kutisha watoto, hata ulipofika mwaka wa 2020, ziwa likarudi kimo kile kile, likafunika madiko ya wavuvi na nyumba za watu. Na ziwa likiwa juu, mto hukosa pa kumwaga. Maji hurudi nyuma kama wageni waliofika mlangoni wakakuta nyumba imejaa.

Hapa twapenda kuondoa kosa moja tulisikialo sana sokoni. Wako wasemao tusiogope, kwa kuwa kuna Gogo. Bwawa la Gogo juu ya mto Kuja lilijengwa katika miaka ya 1950 ili kupeleka umeme katika machimbo ya shaba ya Macalder, ambayo yalifungwa mwaka wa 1966. Mtambo wake ni wa megawati 2 tu. Halikujengwa kuzuia mafuriko, na matope yamejaa nyuma yake kwa miaka mingi. Anayelitegemea Gogo limwokoe na mafuriko ni kama anayetegemea jiko limkinge na mvua.

Bwawa letu ni dogo, na wapitao barabarani hawalioni. Yako mengi ya namna yake katika nchi hii, yaliyojengwa katika miaka ya 1940 na 1950, wakati wa mpango ulioitwa ALDEV. Na wazee wawili waliokaa mstari wa mbele walibeba udongo wake kwa karai walipokuwa vijana ambao hawajaanza kunyoa ndevu. Kazi yake ni hii. Kijito chetu, ambacho wakati wa kiangazi mtoto hukiruka, huweza kushusha kwa saa mbili maji ambayo bonde la chini haliwezi kuyapitisha kwa salama ila kwa siku mbili. Bwawa huyapokea kwa pamoja, likayatoa kidogo kidogo. Halipunguzi maji, lapunguza haraka yake. Lakini ili liweze kuyapokea, sharti liwe na nafasi kabla ya mvua kuanza, na hapo ndipo tulipogombana mara nyingi katika chumba hiki hiki. Wenye ng'ombe wataka lijae. Wakaao chini yake wataka libaki nusu. Wote wana haki, na kamati haijapata kusema waziwazi ni haki ya nani itangulie mwezi wa Machi.

Sasa tuseme jinsi ukingo wa udongo unavyokufa, maana afu kubwa ya mtu akaaye chini ya bwawa ni kuijua maiti yake kabla haijawa maiti.

Ukingo wa mawe na saruji, maji yakiupita juu, huenda ukasimama. Wa udongo hausimami. Maji yakianza kupita juu ya mgongo wake hukata mfereji mdogo, mfereji huwa korongo, na kwa muda wa kuchemsha chai hapana ukingo tena. Kwa hiyo kila bwawa la udongo hupewa mkondo wa pembeni, ulio chini kuliko mgongo wa ukingo, wa kupitishia maji ya ziada. Mkondo huo ndio uhai wake.

Kuna habari moja ya Marekani ambayo twaomba mtuvumilie tuisimulie kwa urefu, kwa kuwa kila tuisomapo twaona kana kwamba imeandikwa juu yetu. Juu ya mji wa Johnstown, katika jimbo la Pennsylvania, palikuwa na bwawa la udongo lililoitwa South Fork. Lilijengwa na serikali ya jimbo ili kulisha maji mfereji wa mashua. Kisha likaachwa, likauzwa, na mwishowe likafika mikononi mwa klabu ya matajiri waliotaka mahali pa kupumzika na kuvua samaki wakati wa joto. Mabomba ya chuma yaliyopita chini yake, ambayo kwayo maji yangaliweza kupunguzwa, yalikuwa yamekwisha kung'olewa na kuuzwa. Mgongo wa ukingo ulishushwa kidogo ili magari ya farasi yapate kupita vizuri. Na katika mkondo wa maji ya ziada wakaweka wavu wa chuma, samaki wao wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilikuwa kubwa. Takataka zikauziba wavu, maji yakapanda, yakapita juu ya mgongo ule ulioshushwa. Watu 2,209 walikufa. Siku ile ile zilipelekwa telegramu za kuonya, na wengi hawakuzijali, maana miaka na miaka walikuwa wameambiwa kwamba bwawa litavunjika na halikuvunjika.

Tazameni, wazee wetu: katika watu wale hapana hata mmoja aliyekusudia kulivunja bwawa. Mmoja aliuza chuma, mwingine alitaka njia pana, mwingine alipenda samaki.

Turudi kwetu. Ni nani asiyejua kwamba ng'ombe wetu walikuwa wakipita juu ya ukingo kwenda kunywa, hata mahali wapitapo pakashuka kwa kimo cha goti? Ni nani ambaye hajaona migono iliyotegwa katika mkondo wa maji ya ziada, imefungwa kwa matete na vijiti, na majani yamejikusanya nyuma yake kama zizi? Hatutaji majina. Migono ile ina wenyewe, na baadhi yao wamelipa ada ya chama na wamekaa humu wakitusikiliza kwa utulivu mkubwa.

Wala si lazima maji yawekewe bwawa ndipo yaue. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, tuta la reli huko Old Kijabe liliyazuia maji kwa sababu njia iliyopita chini yake ilizibwa na magogo, mawe na matope. Tuta likawa bwawa pasipo mtu kukusudia. Likapasuka, na makumi ya watu wakafa usingizini. Na miaka sita nyuma, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo la shamba moja huko Solai, katika kaunti ya Nakuru, lilivunjika usiku likaua watu zaidi ya 40. Bwawa lilikuwa juu, tena la wenyewe. Waliolala chini hawakuwa na mamlaka juu yake. Sisi hatuna udhuru huo. Letu ni letu.

Kifo cha pili ni cha ndani, nacho ni kibaya zaidi kwa kuwa huanza siku ya jua. Mnaujua udongo wetu mweusi. Wakati wa mvua hunata miguuni hata mtu akaacha viatu vyake shambani; wakati wa kiangazi, mwezi wa Januari na Februari, hupasuka nyufa ambazo mkono huingia hata kiwiko. Mvua ya Machi huzikuta nyufa hizo wazi. Ongeza fuko anayechimba vichuguu vyake, na mchwa, na mti ambao mtu mwema aliupanda juu ya ukingo akidhani anaupamba: mti ukifa mizizi huoza, ikaacha mabomba tayari ya kupitishia maji. Juu ya ukingo wa udongo yafaa paote ukoka, basi. Miti ipandwe mbali, juu ya vilima, ikashike udongo usije ukajaza bwawa.

Kila ukingo wa udongo hutokwa na jasho kidogo. Maji safi yakitiririka polepole kutoka chini yake, mtu asipige kelele. Aweke kijiti, aangalie kesho kama yamezidi. Lakini yakianza kutoka yamechafuka, yanabeba udongo, na udongo huo watoka tumboni mwa ukingo. Hapo kila mtu hukimbilia kupaziba kwa mfinyanzi. Asipazibe. Maji yaliyozibwa hutafuta njia nyingine, na hiyo hatutaiona. Mafundi hufundisha kufunika mahali hapo kwa mchanga kwanza, halafu kokoto, halafu mawe, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Na wakati mikono mingine inafanya hayo, miguu mingine iende kuwaamsha watu wa chini.

Twafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililotusimamisha hapa.

Katika mwezi wa Januari 2024 afisi ya chama ilipokea barua. Iliandikwa na mtoto wa shule kwa niaba ya bibi yake, mama mjane ambaye boma lake liko chini ya ukingo, upande wa mti wa mkuyu. Ilikuwa ya mistari sita. Ilisema kwamba tangu Krismasi ardhi iliyo chini ya ukingo, mahali ambapo kila kiangazi huwa pakavu kama sahani, ilikuwa imelowa. Kwamba majani yalikuwa mabichi pale na hayakuwa mabichi mahali pengine. Na kwamba mama aliomba watu wenye macho mazuri kuliko yake waje watazame.

Barua ile ilisomwa. Ikaandikwa juu yake kwa wino mwekundu, "Isubiri kamati," ikatiwa katika faili. Mkono ulioandika maneno yale ndio huu unaoshika karatasi hii. Kamati ya Februari haikukutana, kwa kuwa palikuwa na matanga mawili kwa juma moja na wajumbe wote walikuwa huko. Kamati ya Machi ilikutana, ikamaliza saa tatu ikijadili bei ya hema na viti vya kukodisha, na faili haikufunguliwa. Hapana aliyetushtaki kwa jambo hili. Tumeona afadhali tujishtaki wenyewe mbele yenu, ili liandikwe katika kijitabu cha mwaka na wajukuu walisome.

Mvua za Aprili zilikuja kama mjuavyo. Nyatike yote ilikuwa majini. Mto Kuja ulikuwa umepita kingo zake, na redio haikuwa na habari nyingine. Bwawa letu lilijaa. Mama yule hakutuandikia tena. Alianza kulinda mwenyewe. Kila usiku alitoka na taa, akaenda mkuyuni, akachovya kikombe cheupe cha bati katika maji yanayotoka chini ya ukingo, akatazama rangi yake. Usiku wa nne kikombe kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo alichukua debe na mti wa kupondea, akashuka njia ya kijiji akipiga.

Wapo waliotoka mara moja. Wapo waliotoa kichwa dirishani wakauliza ni nani aliyekunywa. Mzee mmoja, ambaye twamheshimu na ambaye ametupa ruhusa kulisema, alikataa kuliacha zizi lake, akabebwa na wanawe wawili huku akiwalaani. Walikwea kilima cha shule kwa giza, watoto mgongoni. Kabla ya mapambazuko ukingo ulikatika, mahali pale pale pa mkuyu, na sauti yake, wasema waliokuwa kilimani, haikuwa ya ngurumo bali ya kitambaa kinachochanwa.

Hapana mtu aliyekufa. Nyumba tisa zilikwenda, na ghala zake, na mbuzi, na mahindi yaliyokuwa yamefika kiunoni. Boma la mama yule lilikuwa la kwanza katika njia ya maji. Yeye mwenyewe hakulilia nyumba. Aliporudi asubuhi alikwenda kwanza upande wa kaburi la mumewe, akakuta nusu yake haipo.

Kila mtoto wa Karachuonyo ameisikia habari ya Simbi Nyaima, kijiji kilichokuwa karibu na Kendu Bay. Watu walikuwa katika karamu, akaja bibi kizee mgeni, amelowa, akaomba mahali pa kuketi; wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea na kumpa moto. Bibi akamwambia mwanamke yule, chukua watu wako uondoke; naye akasikia, akaondoka; na usiku ule mvua ikakizamisha kijiji kikawa ziwa, ambalo lipo hata leo. Wataalamu wa mawe husema ziwa lile la magadi lilichimbwa na mlipuko wa volkano, nasi hatubishani nao. Lakini tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba dhambi ya watu wale ilikuwa uchoyo wa chakula. Tangu Aprili ile twaisikia kwa namna nyingine. Bibi kizee alikuwa na habari, na watu wa karamu hawakuwa na nafasi. Afisi yetu ilikuwa karamu ile.

Hali mbaya kuliko yetu imeonekana kwingine, tena kwa watu wenye elimu nyingi. Huko Derna, katika nchi ya Libya, mtaalamu mmoja wa maji aliandika mwaka wa 2022 kwamba mabwawa mawili yaliyo juu ya mji, yaliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa udongo na mawe, yahitaji kutengenezwa upesi. Maandishi yake yalichapishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 dhoruba ilifika, mabwawa yote mawili yakavunjika, na maelfu ya watu wakachukuliwa baharini.

Wazee wetu, pengo lile tulilijenga upya wakati wa kiangazi kilichofuata, kwa trekta la kukodi na kwa mikono yenu. Njia ya ng'ombe imehamishwa. Lakini ukingo mpya ni kama mtoto mchanga: udongo wake haujatulia, utashuka, utapasuka, na utamtaka mtu wa kuutazama. Mtu huyo ni nani, na atalipwa kwa fedha gani? Hapa ndipo tuombapo masikio yenu.

Chama hiki kilizaliwa ili kuzika. Baba zetu waliokwenda kufanya kazi Nairobi, Mombasa na Kericho waliogopa jambo moja, kufa ugenini na kuzikwa na watu wasiowajua. Wakachanga senti zao ili kila maiti irudi nyumbani. Hapana fedha safi kuliko zile. Hata leo, katika kila shilingi kumi za chama, saba au nane huingia katika mfuko wa mazishi, na hatujapata kuona mwanachama akinung'unika. Kamati inaleta mbele yenu ombi kwamba sehemu moja katika kumi ya mfuko huo itengwe kila mwaka kwa ajili ya ulinzi wa ukingo: ujira wa mlinzi mmoja wakati wa mvua, magunia, mchanga na kokoto vilivyowekwa tayari, taa, na nauli ya fundi.

Tumekwisha kusikia jibu. Mzee mmoja alituambia nje ya mlango, kwa upole, kwamba fedha za wafu hazichezewi. Twamwelewa, na neno lake ni zito kuliko letu. Twamwomba tu akumbuke kaburi la pale mkuyuni. Yule aliyezikwa pale alizikwa na chama hiki. Stakabadhi za jeneza na gari zimo katika afisi yetu. Maji yamechukua nusu ya kazi tuliyolipia. Kadhalika fedha tulizotoa baada ya mafuriko kwa blanketi, unga na mabati mtaziona katika hesabu za mwaka, nazo zingetosha kumlipa mlinzi kwa miaka mingi.

Wako wenzetu waliojenga nchi nzima nyuma ya kingo za udongo, nao ni Waholanzi. Tangu karne ya 13 walikuwa na mabaraza ya maji, na katika sehemu nyingi kila mwenye shamba aligawiwa kipande chake cha ukingo akitunze. Ilikuwapo desturi kwamba mtu asiyeweza tena kukitunza kipande chake alichomeka sepetu yake juu ya ukingo, akaondoka. Na yule aliyeing'oa sepetu alipewa shamba pamoja na mzigo wake. Hatusemi tuchukuane mashamba. Mambo ya mashamba katika nchi hii yatosha. Twasema tu kwamba watu wale hawakungoja serikali iwe na nafasi.

Tena serikali haikutukataza kushiriki. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002, na ile ya mwaka wa 2016 iliyoifuata, zimevitambua vyama vya watumiaji wa maji. Na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa kibali cha bwawa. Kamati yashauri tujiandikishe, tuombe fundi aje aupime mgongo wa ukingo na upana wa mkondo wa pembeni, kwa maana mambo hayo hayapimwi kwa macho wala kwa maombi. Barua ya kwanza tumeiandika. Tukinyamaziwa tutaandika ya pili, na ya tatu tutaipeleka kwa miguu.

Yabaki ya ulinzi wenyewe. Kijiji cha juu na kijiji cha chini watoe watu wawili wawili kwa zamu, mmoja mzee na mmoja kijana, mzee kwa kujua na kijana kwa kukimbia. Wakati wa kiangazi watembee mara moja kwa mwezi. Wakati wa mvua kila siku, na maji yakifika jiwe lililopakwa chokaa, usiku na mchana. Wayaandike wayaonayo katika daftari ambalo halitakaa afisini bali dukani, kila mtu alione. Debe likipigwa, watu wapande kilima kwanza na kuuliza baadaye; na ikiwa ni kosa, aliyelipiga asichekwe, wala asilipishwe faini, kama wajumbe wawili walivyopendekeza. Watu wa Johnstown walicheka miaka mingi.

Juu ya kimo cha maji mwezi wa Machi, kamati yashauri wenye ng'ombe wakubali bwawa libaki chini ya nusu hata mvua zianze, nao watu wa chini wasaidie kuchimba kisima cha mifugo upande wa pili. Jambo hili lina ugomvi ndani yake, na twajua halitakwisha leo.

Kura juu ya sehemu moja katika kumi itapigwa baada ya chai. Iwapo mtaikubali, zamu ya kwanza itatembea Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa moja asubuhi, wakati nyufa zimefunguka vizuri. Kila mtu aje na jembe. Mwenye fimbo ndefu ya kupimia aje nayo. Wenye migono waitoe kabla ya siku hiyo. Tutakutana chini ya mkuyu. Mama yule amekubali kutangulia mbele kutuonyesha mahali, na debe lake, lililobonyea upande mmoja, lipo hapa juu ya meza ya katibu kwa yeyote atakaye kulitazama.